Kitalu cha Itungilo

Isaka alizaliwa na kichwa kikubwa, na wanawake wa Itungilo waliomzalisha mama yake walilalamika msimu mzima. Kichwa hicho kilipokuja kujaa hesabu, wanawake wale wale wakaanza kudai kwamba wao ndio waliokiweka sawa kwa mikono yao. Watu wa bonde lile ndivyo walivyo. Mtoto akiboronga wanamuuliza mama yake. Akifaulu, kijiji kizima kinatembea kifua mbele.

Itungilo utaifikia ukiiacha lami pale Ilula, ukapanda kilima mpaka pumzi ikuombe ruhusa, kisha ukateremka upande wa pili. Chini huko ndiko viliko vinyungu, bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa sababu udongo wake haukauki. Wanalima nyanya. Abiria wa mabasi wanaozinunua kwa ndoo kupitia dirishani hudhani zimeota palepale kando ya lami, na akina mama wanaoziuza hawaoni sababu ya kuwasahihisha.

Baba yake, Bartholomeo, alimalizia ujana wake Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Kila likizo alirudi na karatasi pana zilizotoka na kasoro, kubwa kama shuka, na Isaka alizitandaza sakafuni akalala kifudifudi juu yake na kalamu ya risasi. Siku moja alichora nyumba zote za Itungilo kwa kushuka, akazichora zote tena kwa kulala, na kila nyumba iliyoomba chumvi nyumba nyingine akaitia alama mahali zilipokutana. Bartholomeo akainama kutazama.

"Mbona karatasi nzima umeiacha tupu?"

"Sijaiacha tupu, Baba. Hapo ni wale wasioombana chumvi."

Baba mtu alicheka mpaka akakohoa, na habari hiyo ikaenda kilabu cha pombe ya ulanzi, ikanywewa.

Kutoka hapo kijana alipanda ngazi kwa namna inayojulikana: sekondari Iringa mjini, kisha chuo Mbeya, ambako baridi ilimfundisha kuvaa masweta mawili na Amna alimfundisha kunyamaza asipojua kitu. Amna alikuwa binti wa muuza vitenge wa Mwanjelwa. Babu yake alipanda kutoka Tanga na mzigo wa kanga akakataa kushuka. Huyo binti alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa ulimi. Walipomaliza chuo wakafungua ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la baba yake, Amna akabaki hapo na kompyuta, Isaka akarudi Iringa kupanga chumba Ipogolo, chini ya mlima, malori ya Zambia yakimpigia honi hadi alfajiri. Kazi yao ilikuwa moja: kuwaonya wakulima wa nyanya kabla ugonjwa wa ukungu wa majani haujawafikia.

Sasa wanaoogopa hesabu wasikimbie. Aliyeishia darasa la saba akikaa vizuri kwenye kigoda ataelewa, tena upesi kuliko mwenye joho.

Ukungu husafiri kutoka shamba hadi shamba. Basi orodhesha mashamba yote kwa kushuka, kisha yote tena kwa kulala, kama yule mtoto na chumvi yake. Shamba na shamba yanapokutana, weka namba: huyu anaweza kumwambukiza huyu kwa kiasi gani. Utapata jedwali la maelfu kwa maelfu, na karibu lote ni sifuri, maana nyanya ya Itungilo haina ugomvi na nyanya ya Tukuyu. Namba zilizopo hazikutawanyika ovyo. Zinakaa kwa mafungu, kijiji na majirani zake, kama viraka kwenye shuka. Viraka hivyo Isaka na Amna waliviita vitalu. Halafu kuna jedwali la pili, na hilo limejaa pomoni: hali ya kila shamba leo, kwa kila namna ambavyo mvua na umande vinaweza kushuka wiki inayokuja. Zidisha la kwanza kwa la pili, jibu lake linakwambia nani yuko hatarini.

Taabu ni kwamba kompyuta ukiiachia kazi hiyo hivihivi, itazidisha sifuri kutwa nzima bila kuona haya, kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba zilizohamwa. Yao ilikuwa ya mitumba. Jibu lilitoka mchana, mkulima amesharudi nyumbani anakula. Isaka akakaa Ipogolo akaandika programu yake mwenyewe. Hiyo iliweka akiba ya vitalu vyenye kitu tu, na mahali pa kila kimoja. Ilichukua kitalu, ikakizidisha na kipande chake cha lile jedwali lililojaa, ikajumlisha jibu panapostahili, ikaenda kitalu kingine. Matupu yote iliyaruka bila kugeuza shingo. Jibu likaanza kutoka kabla ya chai.

Sifa zilimwingia, na nani zisingemwingia? Ilula walimwita injinia. Itungilo hawakumwita hivyo, kwa sababu walimjua tangu akiwa bila kaptula, ila walijiandikisha wote. Mama yake, Lea, ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango akiwaeleza namna ya kutuma ujumbe asubuhi: umeona majani mangapi yenye madoa. Ni Lea pia aliyeongeza kanuni moja.

"Asiye na madoa asitume," alisema. "Watu wetu hawana desturi ya kutangaza kwamba hawana shida. Utawachosha bure, watakuacha."

Isaka akaona ni sawa. Aliyenyamaza akaandikwa sifuri. Kisha, kwa kuwa kasi ilikuwa imeshamlevya, akaongeza yake: kijiji kilichokaa kimya muda fulani, kitalu chake kinaondolewa kwenye hesabu mpaka kitakaposema tena.

"Kaka Isaka," Amna alimwambia kwa simu, "na kama wamenyamaza kwa jambo lingine?"

"Jambo gani? Umeona wapi mkulima wa nyanya mwenye ukungu akanyamaza?"

"Nyie Wahehe mnanyamaza hata mkikanyagwa mguu."

"Mguu ndiyo. Nyanya hapana."

Wakacheka, na kanuni ikabaki.

Kiangazi kile, nyanya zikiwa zimebeba na zimeanza kugeuka rangi, Bartholomeo aliinuka mezani kwenda kunawa mikono, akaanguka mlangoni. Presha. Hakuamka tena.

Watu wa Itungilo wana desturi yao kuhusu msiba wa mtu mzima. Jembe haligusi ardhi. Hakuna anayeshuka kinyungu, hata kutazama, mpaka matanga yaanuliwe. Wanaume wanalala nje kuzunguka moto, wanawake wanalala ndani na mfiwa, na simu za watu wote zinakusanywa ndani ya ungo chumbani ili pasiwe na anayecheka na wa mbali wakati wa karibu analia. Ni Isaka peke yake aliyeachiwa yake, kwa kuwa ndugu walikuwa njiani na kila mmoja alikuwa anapotelea kwenye kona yake.

Walikuja wote. Turubai la usharika halikutosha, wakaunganisha na la Mzee Zabron, aliyefanya kazi na Bartholomeo Mgololo wakiwa vijana na kurudi naye bondeni. Isaka aliketi kwenye mkeka akawatazama. Kulikuwa na mtu kila mahali palipokuwa na kivuli. Bartholomeo hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hakuwa mzee wa kanisa, na bado bonde lote lilikuwa limeacha kazi kwa ajili yake. Kijana alihisi kitu kifuani kilichofanana na raha, akakionea aibu.

Baada ya mazishi, hali ya hewa ikageuka. Ukungu mzito, huu wa hewani, ulishuka kutoka mlimani, ukakaa bondeni kama ng'ombe aliyekataa kuamka, na manyunyu yakaja wakati usio wake. Wanaume waliokaa kwenye moto walianza kutazamana. Mzee Zabron akamfuata Isaka nyuma ya nyumba, alikokuwa anapasua kuni.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Baba."

"Umelala?"

"Kidogo."

"Nikuulize kitu, na usinione sina adabu. Hii hali unaiona." Aliinua kidevu kuelekea bondeni. "Wenzangu wamenituma. Wewe sasa ndiye mwenye mji. Ukisema neno, wazee hawatakataa. Vijana wawili watatu washuke wapige dawa, warudi. Hatutashika jembe. Ni bomba tu."

Isaka aliweka shoka chini. Neno la ndiyo lilikuwa rahisi, na lilikuwa mdomoni. Lakini aliwaza: wakishuka watatu leo, kesho watashuka kumi, na kesho kutwa turubai litabaki na wanawake na mbwa. Mzee wake alikuwa amepata watu wengi mara moja tu katika maisha yake yote, na ilikuwa wakati huo. Kijana akaitoa simu mfukoni akamwonyesha.

"Baba, hii nimeiacha wazi kwa ajili hiyo hiyo. Ukungu wa majani ukitaka kuingia Itungilo, itanitikisa kabla jani halijaingia doa. Ikinitikisa tu, mimi mwenyewe nitawatoa watu. Haijatikisika."

Zabron akaitazama simu.

"Basi tumewekwa mahali salama," alisema, na akarudi kwenye moto.

Isaka aliigusa ile simu tangu siku hiyo kama mtu mwenye jino bovu anavyoligusa kwa ulimi. Wakati wa ibada aliigusa. Akigawa chakula aliigusa. Ilinyamaza. Alijisikia vizuri kwa ajili ya baba yake na kwa ajili ya kazi yake pia, vyote viwili vikiwa vimekaa pamoja kwa heshima.

Matanga yakaanuliwa. Watu walinyoa, wakanawa, wakagawana vyungu vyao, wakachukua simu zao ungoni, wakamuaga Lea kwa kumshika mikono miwili. Kisha wakashuka vinyunguni.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Isaka. Alikuwa anakunja turubai alipowaona wanarudi kupanda kilima, mmoja mmoja, bila kuongea, kila mtu anaingia kwake. Akateremka mwenyewe. Mashamba yalikuwa meusi. Majani yamejikunja kama karatasi iliyounguzwa, matunda yana madoa ya kahawia yaliyobonyea, na harufu ya uozo imetanda mpaka mtoni. Ng'ambo ya kilima, upande wa Ilula, nyanya zilikuwa zimesimama na zimepigwa dawa. Wenzao waliamshwa na ujumbe, tena zaidi ya mara moja.

Alimpigia Amna akiwa amesimama katikati ya tuta.

"Dada, angalia Itungilo."

Alisikia vidole vyake kwenye kibodi.

"Haimo."

"Haimo vipi?"

"Kitalu hakimo, Isaka. Hakuna hata mmoja aliyetuma kitu. Programu ikaona kimya, ikaandika sifuri zote, ikakitupa. Tangu hapo imekuwa inaruka." Akashusha sauti. "Nilijua mko msibani. Nilituma rambirambi, nikasahau kwamba watu wote wako msibani. Sikuunganisha."

"Kanuni ni yangu."

"Ofisi ni yetu wote."

"Kanuni ni yangu, Amna."

Mtu mwingine angesema mvua imeleta, Mungu amechukua, na watu wa bonde lile wangemkubalia, kwa sababu wamezoea mambo ya namna hiyo. Isaka aliliwazia hilo wakati wote wa kupanda kilima, na akaona alivyolitamani. Alimkuta mama yake jikoni, kichwa kimenyolewa, mdogo kuliko alivyomjua. Akaketi kwenye kigoda cha baba yake bila kukusudia, akaondoka, akaketi chini. Akamweleza yote.

Lea aliendelea kuchambua maharage.

"Zabron alikuja kukuomba," alisema baadaye.

"Alikuja."

"Ukamkatalia kwa sababu ya mashine."

"Ndiyo, Mama."

"Hapana." Alitoa jiwe kwenye maharage akaliweka pembeni. "Ulitaka turubai lijae."

Isaka akaliokota lile jiwe.

"Na mimi nililitaka lijae," Lea akasema. "Nilikuwa ndani, nilikuwa nasikia miguu yao, nikajisemea, tazama, mume wangu ana watu. Sasa nenda ukawaambie, kabla sijaanza kukutetea."

Aliwakuta wameanza kung'oa na kuchoma. Moshi wa mashina mabichi ulikuwa mzito na mchungu. Aliwaeleza kwa maneno mepesi, bila jedwali wala kitalu: kwamba wao walipoacha kwenda shamba, mashine ilidhani hakuna kinachoendelea, ikawaweka kando, na haikuwahesabu tena. Kwamba aliyeifundisha kufanya hivyo ni yeye. Kwamba alipomwonyesha Mzee Zabron simu, simu hiyo isingetikisika hata bonde lingeteketea lote.

Mzee Zabron aliegemea reki.

"Kwa hiyo huko Mbeya sisi hatukuwepo."

"Mlikuwepo, Baba. Ila mlikuwa kimya."

"Tulikuwa tunamlilia baba yako."

"Najua."

"Na mashine haikujua."

"Sikuiambia."

Zabron aliutazama moshi.

"Kumlilia Bartholomeo hatujutii," alisema. "Hilo liache, hata usiliguse. Angekufa leo, kesho tungeketi tena. Lakini mimi nilikuja kwako kwa miguu yangu. Nilikuwa na macho yangu, niliuona ukungu umekaa bondeni. Nikayaacha macho yangu kwa sababu ya kitu ulichokuwa nacho mfukoni." Akageuka kwenye moto. "Hilo ndilo litakalonichukua muda."

Isaka akashika mashina akaanza kuyang'oa pamoja nao. Hakuna aliyemzuia, wala aliyemsogezea nafasi.

Alirudi Ipogolo akafungua programu. Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Wenye joho wangeyamaliza kabla ya mchana. Palipokuwa na sifuri peke yake, sasa pakawa na vitu viwili: sifuri ya aliyetazama akakuta hakuna, na alama nyingine ya ambaye hajulikani ametazama au la. Asiyejulikana hatupwi. Kitalu chake kinabaki na kinazidishwa kila asubuhi, na mahali pa ripoti yake wanakisia kwa kutazama majirani na hali ya hewa. Amna aliijaribu akampigia.

"Vitalu vimekuwa vingi sana. Jibu litachelewa. Si kama zamani, lakini watu watakuwa wameshavaa viatu."

"Lichelewe."

"Sawa." Hakumtania. Ndipo Isaka alipojua kwamba na yeye lilimwingia.

Itungilo hawakutuma ujumbe tena. Hawakuja kujiondoa, si watu wa vishindo, waliacha tu. Walipopanda nyanya msimu uliofuata, ni Lea pekee aliyeendelea kutuma kila asubuhi, awe na madoa au asiwe nayo, na katika kitalu kizima namba ya kweli ilikuwa ya shamba lake moja. Zilizobaki zilikuwa za kukisia. Isaka alizitazama kila siku kabla ya kitu kingine, namba za watu aliowajua kwa majina ya utoto wao, alizojitungia mwenyewe kwa sababu wao hawakutaka kumpa.

Wakati wa palizi walikuja kumsaidia mjane, kama desturi. Isaka naye alipanda kutoka Ipogolo na jembe lake. Walijipanga kwenye matuta, wakaanza, maongezi yakawa ya harusi ya binti wa fulani na bei ya mbolea. Njiani asubuhi ile alikuwa ameliona jibu kwenye simu: ukungu ulikuwa unakuja, na Itungilo ilikuwa ya kwanza njiani. Ujumbe wa wakulima ulikuwa njiani kutoka Mbeya. Alisubiri.

Ukaingia wakiwa katikati ya tuta. Simu zililia moja baada ya nyingine, kwenye mifuko ya mashati, kwenye pindo za kanga, moja kwenye kikapu cha vikombe. Ya Mzee Zabron ililia karibu yake kabisa. Mzee hakusimama. Lea peke yake aliinuka, akasoma, akatazama mlimani.

Isaka akafika sambamba naye kwenye tuta.

"Baba, simu yako."

"Nimeisikia," Zabron alisema.

Akainamia jembe akaendelea na mstari wake. Isaka akabaki amesimama kidogo, kisha naye akainama.